Namba ya nukta si namba ya zahanati

"Nipe namba ya ile zahanati kwenye OpenStreetMap, niiweke kwenye jedwali, yaishe." Hata mimi niliwahi kuamini kwamba ingeisha.

OpenStreetMap ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na kila kitu kilichochorwa humo kina namba yake. Dhana kubwa ni kwamba namba ile ni kama ya kitambulisho cha taifa: ukipewa, ni yako mpaka kaburini. Ukweli ni kwamba namba ni ya mchoro, si ya jengo. Zahanati ya mtaani kwetu ilianza kama nodi, yaani nukta moja. Baadaye mchoraji mwingine akapata picha safi ya satelaiti, akachora kuta, akahamishia jina na saa za kazi kwenye mchoro mpya, kisha akaifuta nukta. Hakukosea, ramani hunoga hivyohivyo. Ila jedwali letu likabaki limeshika namba ya nukta iliyofutwa, na kwenye programu yetu zahanati ikatoweka huku foleni ya wagonjwa iko palepale.

Wengine hudhani namba iliyofutwa hupewa kitu kingine. Hapana, haigawiwi tena, na historia yake husomeka toleo kwa toleo. Ndiyo iliyotuonyesha kilichotokea.

"Namba moja, kitu kimoja"? Nayo si kweli. Nodi, njia (mistari na maumbo) na uhusiano (makundi ya vitu hivyo) zina mifululizo mitatu tofauti, kwa hiyo nodi 5000 na njia 5000 ni vitu viwili. Andika na aina yake.

Barabara ndizo sumbufu zaidi. Mtu akiikata njia ili aonyeshe daraja, kipande kimoja hubaki na namba ya zamani, kingine hupata mpya. Nani kakuahidi utabaki na kile unachokitaka?

Kama kituo kina namba rasmi, mfano zile za orodha kuu ya vituo vya afya ya Kenya, iwekwe kwenye tagi ya ref, yaani sehemu ya kuandikia namba ya rejea ya kitu, itafutwe hiyo. Namba ya Wikidata, ghala huria la taarifa lililo ndugu wa Wikipedia, nayo inafaa: kurasa mbili zikiunganishwa, namba iliyoachwa hukupeleka kwenye iliyobaki. Lakini duka la Mangi haliko Wikidata. Hapo hifadhi jina, aina na majiranukta, utafute jirani na pale.

Kuna watakaokwambia JOSM, programu ya kuchorea ramani hiyo, ina zana ya kubadilisha umbo bila kupoteza historia. Kweli ipo. Nukta ya zamani haifutwi, hugeuzwa sehemu ya mchoro mpya. Ukiifuata namba yako utaikuta hai, haina jina wala saa za kazi: ni kona ya ukuta.