Kanisa na mazingira Dar: yanayosemwa na yalivyo kweli

Mchungaji akitangaza kwamba Jumamosi tunazibua mfereji, mabenchi ya nyuma huanza minong'ono: tumekuja kusali au kuzoa taka? Nimeyasikia sana hayo usharikani kwetu, Tabata. Mengine niliwahi kuyaamini mwenyewe, ndiyo maana nayajibu.

"Mazingira ni ajenda ya Wazungu."

Nenda kaskazini mwa Ethiopia. Ukiona kichaka cha miti ya asili kimesimama peke yake katikati ya mashamba, mara nyingi ndani yake mna kanisa la Kiorthodoksi. Waumini wameilinda misitu hiyo kwa karne nyingi. Hapa kwetu, Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), anafahamika kwa kuhimiza upandaji miti Kilimanjaro. Na kabla ya hao wote, Kumbukumbu la Torati 20:19 linalikataza jeshi lililouzingira mji kukata miti yake ya matunda. Hata vitani!

"Mungu alisema tutawale."

Alisema, Mwanzo 1:28. Lakini wengi wetu tunafunga Biblia kabla hatujafika sura ya pili. Mstari wa 15 unasema mtu aliwekwa bustanini "ailime na kuitunza". Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "kuitunza" ni *shamar*, na ndilo hilo hilo lililo katika Hesabu 6:24: "BWANA akubarikie, na kukulinda." Kila Jumapili tunainamisha vichwa kupokea baraka hiyo. Siku nilipojua kwamba ni neno moja, nilibaki nimekaa baada ya ibada. Ulinzi ule tunaomwomba Mungu atupe, ndio aliotuagiza tuipe ardhi. Na kama bado unashika neno "kutawala", soma Ezekieli 34 uone Mungu alivyowakasirikia wachungaji waliotawala kwa nguvu na kwa ukali, kondoo wakatawanyika.

"Dunia itateketea, ya nini kuhangaika?"

Wanaosema hivi huishia 2 Petro 3:10. Mstari unaofuata Petro anauliza: basi imetupasa kuwa watu wa tabia gani? Hakutupa ruhusa ya kuchafua. (Yale maneno ya Luther kwamba angepanda mti leo hata kama dunia ingekwisha kesho, hayamo katika maandishi yake, yalianza kuonekana 1944. Tusiyahubiri kama yake. Petro anatutosha.)

"Kutunza mazingira ni kupanda miti."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inatoka kwa watu wenye nia njema. Mwaka mmoja tulipanda miche nyuma ya kanisa tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira. Kwaya iliimba, picha zikapigwa. Masika yalikuwa yameshaisha, na hakuna aliyepangiwa kumwagilia. Kufikia Agosti nilikuta vijiti vikavu vimesimama kwenye mchanga, vingine bado na ile karatasi nyeusi ya kitalu shingoni mwa mzizi, kwa sababu aliyepanda hakuitoa. Mti Dar unapandwa mvua zinapoanza, na unapewa mtu wa kuulea kiangazi chote. Bila hivyo ni afadhali mche ubaki kitaluni.

Tena kwa jiji letu, kazi kubwa zaidi iko kwenye maji. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Kigogo hadi Jangwani, ukaingie baharini karibu na daraja la Salender. Pempasi niliyoitupa mferejini Tabata haipotei. Inamfuata jirani wa bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mvua ilikuwa kubwa kweli, ila mfereji uliojaa taka unaipa nguvu hata mvua ndogo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019, na tofauti tunaiona. Chupa za maji zimebaki, na nyingine zinatoka kwenye harusi zetu wenyewe.

"Bila mfadhili hatuwezi."

Tunacho ambacho mfadhili hawezi kukinunua: jumuiya. Nyumba chache za jirani zinakutana kila wiki, zinajua nani mgonjwa, nani amefiwa, nani amehama. Wakatoliki wanazo, sisi Walutheri tunazo, na mfereji mmoja hupita kwenye jumuiya zetu zote mbili bila kuuliza dhehebu. Kwetu ilianza mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja muuza mihogo, alipoomba kila nyumba ije na koleo au reki badala ya sadaka ya chai. Tukagawana mfereji kwa hatua: kila nyumba hatua ishirini, kila mtu mbele ya kwake. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, ndiyo zamu. Tope tunalitoa juu likauke, chupa zinaenda kwa vijana wanaookota na kuuza kwa kilo.

Vuli iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha. Alfajiri nilitoka na tochi kuangalia. Maji yalikuwa yamejaa mferejini hadi ukingoni, ya rangi ya chai ya maziwa, na yalikuwa yanatembea. Mama wa mihogo alikuwa ameshafika, amesimama na reki yake, anatoa matawi.