Kabla Hujanunua Sabufa ya Kuongeza Kwenye Saundibaa

Mteja akiniuliza anunue sabufa (spika ya besi) ya wati ngapi, mimi huomba kwanza kuona saundibaa yake, ile spika ndefu ya kuweka chini ya TV, kwa nyuma. Kama kuna tundu la SUB OUT, yaani la kutolea besi kwenda kwenye sabufa, au kama imeundwa kuunganishwa bila waya na sabufa ya kampuni yake, tunaendelea. Kama vyote viwili hakuna, namwambia atunze hela yake mpaka atakapobadilisha saundibaa yenyewe.

Najua wapo wanaovuta waya kutoka tundu la hedifoni la TV. Besi itasikika, lakini TV nyingi hunyamazisha njia nyingine ukichomeka hapo. Hata isiponyamaza, saundibaa hutumia muda kidogo kuchakata sauti, basi sabufa inapiga mapema na mdundo unachanganyika. Kubwa zaidi, saundibaa haijui kwamba imepata msaidizi. Inaendelea kuhangaika na besi ileile.

Hapo ndipo penye faida ambayo wengi hawaitegemei. Spika za saundibaa ni ndogo, na sauti ikishuka oktavu moja, yaani hezi (mitetemo kwa sekunde) zikipungua nusu, utando wa spika unatakiwa usogee mara nne ya mwanzo ili nguvu ibaki ileile. Uzi mnene wa gitaa la besi uko kwenye hezi 41. Spika ndogo ikilazimishwa kuufikia, inatikisika kupita kiasi na kuharibu sauti ya mwimbaji inayotoka humohumo. Saundibaa inayogawa kazi vizuri hupeleka besi kwenye sabufa na kubaki na sauti za juu, na ghafla maneno ya filamu yanaeleweka bila kuongeza sauti. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu nzuri ya kununua, kuliko kutikisa madirisha.

Ukiwa mtu wa taarifa ya habari na tamthilia, huihitaji. Ukiishi ghorofani mnakogawana ukuta na jirani, fikiria sana: wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, na ukuta wa tofali hauzuii vizuri besi ya aina hiyo.

Wati za kwenye boksi zisikushughulishe. Sebule ya kawaida inatoshwa na spika ya inchi 8 kwenye boksi zito la mbao.

Pa kuiweka ndipo pagumu. Kona huongeza besi, na kwenye vyumba vyetu vya tofali na vigae mara nyingi inazidi hadi inavuma. Iweke sabufa kwa muda pale unapokaa, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha pita kando ya kuta ukiwa umeinama na kusikiliza. Pale ambapo noti zote zinalingana, ihamishie hapo. Kama saundibaa ndiyo inayogawa masafa, yaani besi na sauti za juu, zungusha kitufe cha masafa cha sabufa hadi mwisho ili besi isikatwe mara mbili. Halafu jaribu swichi ya fezi (inayogeuza mwelekeo wa kusogea kwa spika), 0 na 180, mwenzako akiigeuza nawe umekaa kwenye kochi, na uiache pale besi inaposikika imejaa zaidi.