Jasho si mafuta yanayoyeyuka

Kila msimu wa joto, maswali yanayofika kwenye kitengo chetu cha lishe ni yaleyale: kuoga maji ya barafu kunakata kitambi? Na kukimbia umejifunga nailoni je? Tunawashukuru wanaouliza kabla ya kujaribu.

La jasho tulimalize. Linalotoka ni maji na chumvi. Ukishakunywa maji, uzito umerudi. Tumelisema mara nyingi, na bado watu wanakimbia saa nane mchana wamevaa plastiki ndani ya fulana. Hilo huua.

La baridi ni swali zito zaidi. Mafuta meupe huweka akiba ya nishati; ya kahawia huichoma ili kuupasha mwili, kwa kutumia protini ya UCP1. Mwaka 2009 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliwaweka wanaume 24 kwenye nyuzi joto 16, na 23 kati yao wakaonekana wana mafuta ya kahawia yanayofanya kazi, hasa shingoni na juu ya mitulinga. Kwa wanene yalifanya kazi kwa kiasi kidogo kuliko kwa wembamba.

Kipimo cha kuyaona mafuta hayo kina masharti. Mshiriki hufunga kula, huvaa nguo nyepesi, hukaa kwenye baridi, kisha hudungwa glukosi (aina ya sukari) yenye mionzi kidogo ndipo apigwe picha. Asitetemeke, maana misuli inayotetemeka nayo hunyonya glukosi na picha inapotosha. Husaini ridhaa, na anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Hapa Tanzania utafiti wa namna hiyo hauanzi bila kibali cha maadili, hata kama mtafiti ni profesa.

Je, baridi inapunguza uzito? Huko Bethesda, Marekani, wanaume watano walilala mwezi mzima kwenye chumba cha nyuzi joto 19. Mafuta ya kahawia yaliongezeka, kisha yakapungua chumba kilipopandishwa hadi 27. Uzito haukubadilika. Faida iliyoonekana ilikuwa kwenye namna mwili unavyoitikia insulini, na hiyo si haba kwa mwenye kisukari. Ila maji ya barafu hupandisha shinikizo la damu ghafla, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo asijaribu.

Habari nyingi za "kuamsha mafuta" zimetoka kwa panya. Maabara nyingi huwafuga kwenye nyuzi joto 20 hadi 22, joto linalomfaa mhudumu aliyevaa koti. Panya mdogo anahitaji karibu 30. Maana yake anaishi na baridi mchana na usiku, na sehemu kubwa ya anachokula inaishia kumpasha. Watafiti wa Stockholm walipowaweka kwenye nyuzi joto 30 panya wasio na UCP1, walinenepa hata kwa chakula cha kawaida. Kwenye baridi unene huo haukuonekana. Kwa hiyo ukisikia dawa imekondesha panya, uliza kwanza kizimba kilikuwa na joto kiasi gani. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa haishi kwenye baridi ya panya yule.

Kuna unga wa njano uitwao DNP, unaouzwa mtandaoni kama dawa ya kuchoma mafuta. Huzifanya seli za mwili mzima zipoteze nishati kama joto, bila breki. Marekani uliondolewa kwenye matumizi ya binadamu mwaka 1938 baada ya kuua watu, na hauna dawa ya kuutengua. Aliyeumeza apelekwe hospitali mara moja, hata kama anahisi joto tu, na pakiti ibebwe pamoja naye.