Nodi ya Mali haiwashi skrini, jamani

Juzi saa tano usiku imeingia meseji: "Mkuu, nimeweka nodi ya Mali kwenye DTS, imekompaili bila erori hata moja, ila skrini bado nyeusi. GPU itakuwa imekufa?" (Mali ni jina la GPU za Arm, yaani wachora picha wa ndani ya chipu. DTS ni faili linaloieleza kerneli ya Linux vifaa vilivyomo kwenye bodi, na nodi ni kipande chake kinachoeleza kifaa kimoja.) Nikamwambia tuma faili. Kulifungua, naona boksi la TV lenye chipu ya Amlogic S905W, na katikati kuna gpu@ff9a0000 yenye arm,mali-t860, imekopiwa kutoka RK3399 (chipu ya Rockchip, kampuni nyingine) na kupestiwa, anwani na namba za intarapti (kengele za kifaa kuiita kerneli) zile zile. Sasa S905W ina Mali-450, na inakaa anwani d00c0000. Huko ff9a0000 kwenye chipu ya Amlogic hakuna Mali yoyote. Ni sawa na kupeleka barua ya posa nyumba ya jirani halafu unalalamika hujajibiwa.

Sikumcheka (kidogo tu). Ila hii ni mara ya ngapi nimeacha kuhesabu, na kila mara ni makosa mawili yamebebana mgongoni. La kwanza, mtu anaamini DTS ni faili la seting, ukiandika kitu basi kipo. La pili, anaamini GPU ndiyo inayoleta picha kwenye skrini. La pili ndilo linanitoa povu, nitalikalia sana.

La kwanza chapchap. Kwenye PC kadi ya picha inakaa kwenye PCI, na PCI ina adabu: kerneli inapita sloti kwa sloti inagonga, kadi inajibu mimi ni wa kampuni fulani, kifaa namba fulani. Ndani ya SoC (chipu moja iliyobeba kila kitu) hakuna hodi wala karibu. GPU, HDMI, UART ya siriali, wote wamejifungia kwenye anwani zao kimya, hakuna anayejitambulisha. Kwa hiyo kerneli inahitaji daftari la mjumbe wa nyumba kumi: nyumba hii anakaa fulani, maji anavuta bomba lile, umeme mita ile, kengele yake ni hii. Hilo daftari ndiyo DTS, na DTB ni lile lile daftari limekompailiwa ili butiloda (programu inayoamsha kerneli) ilikabidhi kwa kerneli. Mjumbe akiandika nyumba namba 14 ni ghorofa tatu, ghorofa haioti. Zamani kwenye ARM haya mambo yaliandikwa kwa C ndani ya kerneli yenyewe, faili kwa kila bodi, vurugu mechi, mpaka 2011 Linus Torvalds akawaka na watu wakasukumwa kwenye huu mfumo ambao asili yake ni Open Firmware (IEEE 1275, mwaka 1994). Historia imeisha.

Hiyo imani ya seting nadhani imepandwa na Raspberry Pi. Unaandika dtoverlay=vc4-kms-v3d kwenye config.txt, unarestati, mambo yanabadilika, inaonekana kama swichi ya ukutani. Na kwenye faili hilo hilo kuna gpu_mem ambayo kerneli haiisomi kabisa, inasomwa na famwea kabla kerneli haijaamka. Vitu viwili tofauti vimepakatwa faili moja, mtu atajuaje. Siwalaumu sana.

Haya, nodi yenyewe. Hii ndiyo ya RK3399:

gpu: gpu@ff9a0000 {
    compatible = "rockchip,rk3399-mali", "arm,mali-t860";
    reg = <0x0 0xff9a0000 0x0 0x10000>;
    interrupts = <GIC_SPI 20 ...>, <GIC_SPI 21 ...>, <GIC_SPI 19 ...>;
    interrupt-names = "job", "mmu", "gpu";
    clocks = <&cru ACLK_GPU>;
    power-domains = <&power RK3399_PD_GPU>;
    status = "disabled";
};

compatible inasomwa kutoka jina mahususi kwenda la jumla, na ndiyo inaamua draiva gani inaitwa. T860 ni wa ukoo wa Midgard, inashikwa na draiva ya Panfrost. Mali-400 na 450 ni Utgard, ukoo mwingine kabisa, hizo ni za draiva ya Lima. Zote mbili ziliingia kerneli 5.2 mwaka 2019. Kwa hiyo jamaa yangu hata angepatia anwani, bado alikuwa anamuita daktari wa meno aje kutibu jicho. Halafu cheki hii: Panfrost ikishafika mlangoni inasoma rejista ya utambulisho ya GPU yenyewe, ndiyo maana kwenye dmesg (jumbe za kerneli) unaona mali-t860 id 0x860. GPU inajijua vizuri tu. DTS kazi yake ni kukuonyesha mlango, mita na kengele.

Mita ni power-domains. Ukiikosea, kerneli inasoma rejista ya kitu ambacho hakina umeme na inasubiri jibu ambalo haliji milele. Hakuna panic, hakuna oops (vilio vya kerneli ikianguka), siriali (waya wa kusomea jumbe za kerneli) inakata katikati ya neno na bodi nzima imeganda kama maiti. (Kasi ya siriali ya Rockchip ni 1500000, siyo 115200. Wapo waliotupa kebo nzima.) Mimi lilinikuta nikiwa nasafisha faili nikafuta mstari mmoja nikiona "hautumiki", nikashinda Jumamosi nzima nabadilisha adapta za umeme.

Kengele ni hizo intarapti tatu. Ona mpangilio wake: 20, 21, 19. Kuna watu macho yanawauma wakiona hivyo, wanapanga 19, 20, 21 ili ipendeze, majina wanayaacha yalivyo. Matokeo yake bodi inabuti safi, Panfrost inasalimia safi, kila kitu shwari mpaka programu ya kwanza iombe kuchorewa kitu. Kengele ya job inagonga, anaamka wa mmu, anaangalia kwake anaona hakuna kitu, analala. Inagonga tena. Kerneli ikifika kama mara laki moja inachoka, inaandika "nobody cared" na kuikata hiyo laini, kisha unafuata mvua ya "gpu sched timeout". Hapo utasikia "draiva ya Panfrost mbovu". Panfrost ya watu imekosa nini?

Sasa tuje kwenye lile la pili.

GPU haina waya hata mmoja unaokwenda kwenye HDMI. Hata mmoja. Inachora kwenye RAM, ikimaliza inagonga kengele, kazi yake imeishia hapo. Anayechukua ile picha kutoka RAM na kuisukuma nje pikseli kwa pikseli ni mtu mwingine kabisa. Kwenye RK3399 anaitwa VOP, na wako wawili: mkubwa yuko ff900000 anamudu 4K, mdogo yuko ff8f0000 anaishia 2560x1600. Kutoka kwa VOP picha inaingia kitengo cha HDMI kilichopo ff940000, ndipo inatoka kwenye waya. Kwenye Amlogic huyo msukumaji anaitwa VPU na wala hahusiani na Mali. GPU ni mchora mabango, anachora analiacha stoo. Anayepanda ngazi kulitundika barabarani ni mwingine, na anatundika bango lolote atakalolikuta, hata kama limechorwa na CPU kwa mkono.

Huamini? Acha gpu ikiwa status = "disabled", ubuti. Maandishi ya kerneli yatatiririka kwenye TV, login itatokea, 1920x1080 safi kabisa, GPU imelala usingizi. Ukifungua desktop itakuwa nzito kwa sababu CPU ndiyo inachora kupitia llvmpipe (programu inayochora badala ya GPU), utasikia na feni kama unayo, lakini picha ipo! Halafu geuza: washa GPU, zima VOP zote mbili. Skrini kiza, ila /dev/dri/renderD128 (mlango wa kuipa GPU kazi) ipo na inapokea kazi bila kinyongo. Vifaa viwili, draiva mbili, na anayevikutanisha ni Mesa (maktaba ya michoro) huko juu, siyo kerneli wala DTS.

Kwa hiyo skrini ikiwa nyeusi usianze na Mali, nakuomba. Anza na /sys/class/drm uone kama kuna HDMI-A-1 (tundu lako la HDMI) na status yake inasema nini. Kama hakuna kabisa, fungua /sys/kernel/debug/devices_deferred uone nani anamsubiri nani. Maana hawa wa skrini wanaunganishwa kwa port na endpoint, na kila endpoint lazima imuelekeze mwenzake kwa remote-endpoint, mimi nakuonyesha wewe na wewe unanionyesha mimi, upande mmoja ukisahau ndoa haipo. Na kwenye Rockchip ni kama harusi inayosubiri wazee wote wafike: draiva ya skrini haifungui kikao mpaka kila aliyeandikwa okay awe tayari. Umekopi DTS ya laptop, ikabeba paneli ya eDP (skrini ya ndani ya laptop) yenye okay, bodi yako haina paneli, basi HDMI nzima kabisa inakaa inasubiri mgeni ambaye hajazaliwa. Skrini nyeusi. Mtu anaongeza nodi ya Mali.

Kisa kingine ambacho kilinila mimi mwenyewe usiku tatu. Butiloda ilishawasha skrini na logo inaonekana, nikasema niwe mjanja, nitumie simple-framebuffer: unaiambia kerneli picha iko anwani hii, upana huu, urefu huu, stride hii (baiti za kila mstari), fomati ya rangi a8r8g8b8, andika humo humo usiguse kingine. Ikawaka mara ya kwanza, nikajiona profesa. Sekunde chache baadaye, giza. Kila nikibuti hivyo hivyo, maandishi yanakimbia halafu giza, na siriali inaendelea kuongea kama hakuna msiba. Kumbe kerneli mwishoni mwa kubuti inapita inazima kloki zote ambazo hakuna aliyejiandikisha kuzitumia, na kloki za skrini ziliwashwa na butiloda, kwenye daftari langu hazikuwa na mwenyewe. Nikaongeza clk_ignore_unused kwenye bootargs (maagizo ambayo kerneli inapewa ikibuti), skrini ikabaki. Dawa yenyewe ni kuorodhesha hizo kloki ndani ya nodi ya simple-framebuffer, nafasi yake ipo. Na usisahau kuifungia ile RAM kwenye reserved-memory, la sivyo kerneli itampangishia mtu mwingine na utaona chenga kama TV ya zamani ikikosa antena.

Sasa nikiri kidogo, maana nimeongea kama DTS ni daftari takatifu la ukweli mtupu. Kwenye RK3399 kuna nodi inaitwa display-subsystem. Haina reg, haina intarapti, ukiifungua chipu kwa nyundo huikuti. Ipo ili draiva ipate mahali pa kushikilia zile VOP mbili kama kitu kimoja. Huo ni mpango wa programu umevaa kanzu ya hardware, na ukimuuliza mtu wa bindings (kanuni za kuandika nodi) atakujibu kwa sauti ya chini. Jedwali la OPP (kasi na volti zake) nalo vilevile: 800 MHz kwa volti 1.1 ndiyo ya juu kwa hiyo T860, je hiyo ni sifa ya chipu au ni uamuzi wa mtu? Nusu kwa nusu. Ila usichukulie hapo ruhusa ya kuongeza mstari wa GHz 1, ghorofa haioti nimeshasema. Na assigned-clock-rates (kasi za kloki unazotaka ziwekwe), hiyo ni seting, tusidanganyane.

Kingine ambacho bado sijatulia nacho ni taimingi za paneli. Msimamo wa miaka mingi ni kwamba unaandika compatible ya paneli tu, na namba zake zote zinakaa kwenye C ndani ya draiva ya panel-simple. Hoja naielewa, compatible ikishataja paneli namba zake zinajulikana, kurudia ni kuzalisha makosa. Lakini paneli zinazofika mezani kwangu hazina jina, zina stika ya Kichina iliyofutika nusu, na mimi nikompaili kerneli upya kwa ajili ya inchi saba za skrini ya duka la simu? Kwa hizo natumia panel-dpi au panel-lvds ambazo zinapokea panel-timing ndani ya DTS, na silali vibaya.

Turudi kwa jamaa wa meseji. Nikamwambia futa hiyo Mali yote, anzia na meson-gxl-s905w-p281.dts iliyopo kwenye kerneli, nodi ya Mali-450 imeshaandikwa humo na watu wanaojua, kisha linganisha na yako upande wa HDMI peke yake. Ikatokea kwamba wakati anapesti ile Mali alifuta hdmi-connector kwa bahati mbaya, endpoint ikabaki mjane. Akairudisha. Saa saba kasoro usiku akatuma picha ya TV imewaka, emoji za moto kama kumi, na chini yake: "Asante sana mkuu. Ila sauti haitoki, niongeze nini kwenye nodi ya Mali?"

Nikazima simu.