Chai kali ni majani, si dakika

Ukitaka chai kali, ongeza majani, usiongeze dakika. Ningefurahi sana kila jiko la Dar es Salaam likishika hilo tu.

Majumbani tumezoea kuchemsha majani kwenye sufuria mpaka maji yakolee, kisha tunamimina kwenye chupa ya chai bila hata kuchuja vizuri. Ikifika saa nne asubuhi chai inakwangua ulimi, na sukari inaongezwa kuificha. Kafeini na sehemu kubwa ya harufu hutoka mapema. Tanini, zinazoleta ukakasi, huendelea kutoka kadiri majani yanavyokaa kwenye maji ya moto, huku harufu ikipotea na mvuke.

Kazi yangu ni kuonja chai. Kiwango cha kimataifa cha kuandaa chai ya kuonja, ISO 3103, ni gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji, kwa dakika 6. Hiyo ni kali kwa makusudi, maana inatakiwa ifichue kasoro. Nyumbani anza na gramu 2 kwa kikombe cha mililita 200, takriban kijiko kimoja cha chai, halafu panda kwa majani mpaka uridhike.

Majani mengi ya pakiti ni ya chembe: mashine zenye meno zimeyaponda na kuyachana, hivyo hutoa rangi upesi na dakika 3 zinatosha. Kwa chai ya maziwa yenye tangawizi, hayo ndiyo yanayofaa. Majani marefu yaliyosokotwa yanataka dakika 4 hadi 5, tena yanataka nafasi. Yaache yaogelee ndani ya birika ulilolipasha moto kwanza, kisha chuja yote. Tandaza yale yaliyobaki kwenye sahani nyeupe uyatazame: rangi ya shaba inayong'aa inaonyesha kiwandani yaliiva vizuri; yakiwa meusi na yamefifia, yalipitiliza.

Tulio pwani tuna bahati. Hapa maji yanachemka kwa nyuzi 100, wakati kwenye mita 1,800, kama vilima vya Mufindi inakolimwa chai yenyewe, yanachemka karibu na nyuzi 94. Chai nyeusi inataka moto huo wote. Ya kijani haiutaki: acha maji yapoe hadi nyuzi 75 au 80, la sivyo itakuwa chungu.

Bahati hiyo inaharibiwa na maji yenyewe. Ya kisima chenye chumvi hayafai, hata ufanyeje. Maji magumu huacha utando unaong'aa juu ya chai. Ukiugusa kwa kijiko unapasuka vipande vipande. Tone la limau huuondoa, lakini hupausha rangi pia. Maji ya bomba yakinuka dawa, yachemshe bila kifuniko kwanza.

Na unyevu wa jiji hili hauna huruma. Pakiti ikishafunguliwa, hamishia majani kwenye kopo kavu linalofunga barabara, mbali na jiko. Iliki na karafuu zikae kwenye kopo lao, kwa sababu majani ya chai hufyonza harufu ya chochote kilicho karibu. Ukitaka iliki, iponde na uichemshe kwenye maji kabla ya kuyamimina juu ya majani.