Kikomo cha fedha katika rufaa za forodha India: kinachohesabiwa ni kipi?

Mwagizaji akishinda shauri la forodha India, huuliza kwanza kama serikali itakata rufaa. Kabla ya kuchambua hoja za kisheria, angalia kiasi kinachobishaniwa. Kifungu cha 131BA cha Sheria ya Forodha ya 1962 kinaipa bodi ya ushuru, CBIC, mamlaka ya kuweka kikomo ambacho chini yake idara ya forodha haikati rufaa. Waraka wa 2 Novemba 2023 uliweka rupia laki 50, yaani milioni 5, kwa baraza la rufaa la CESTAT. Milioni 10 kwa Mahakama Kuu. Milioni 20 kwa Mahakama ya Juu. Viwango vya Agosti 2024 (milioni 6, 20 na 50) ni vya mashauri ya zamani ya ushuru wa bidhaa na kodi ya huduma. Usivihamishie kwenye forodha.

Watu wengi hukosea kwenye kujumlisha. Kipimo ni ushuru unaobishaniwa peke yake. Tuseme ushuru ni milioni 4.2 na adhabu ni milioni 4.2 nyingine: jumla inavuka milioni 5, lakini idara haiendi CESTAT, maana ushuru wenyewe uko chini. Ila kama ugomvi uliobaki ni wa adhabu tu, au wa riba tu, basi adhabu hiyo au riba hiyo ndiyo inayopimwa. Kwa hiyo soma amri uone ni nini hasa bado kinabishaniwa. Jumla iliyoandikwa kwenye notisi ya madai inapotosha.

Kisha angalia rufaa inaelekea wapi. Mashauri ya kiwango cha ushuru au thamani ya mzigo hayapiti Mahakama Kuu: chini ya kifungu cha 130E yanatoka CESTAT moja kwa moja hadi Mahakama ya Juu. Shauri la uainishaji (bidhaa iko kundi gani la ushuru, na hivyo kiwango gani) lenye ushuru wa milioni 14, ukilishinda CESTAT, linapimwa kwa milioni 20. Kikomo cha milioni 10 hakilihusu kabisa, na tofauti hiyo ni kubwa.

Kikomo kina mianya. Uhalali wa kikatiba wa kifungu ukipingwa, au tangazo au waraka wa serikali ukitamkwa batili, idara inakata rufaa hata kwa kiasi kidogo. Tena, idara kunyamaza hakumaanishi imekubali hoja yako. 131BA inakataza wazi kudai hivyo, na inairuhusu idara kulipigania suala lilelile katika shauri jingine. Mzigo wako ujao wa bidhaa hiyohiyo unaweza kuzuiwa tena. Usipange bei kana kwamba suala limefungwa.

Kikomo hiki kinaifunga serikali tu. Wewe unaweza kukata rufaa kwa kiasi cha chini ya hapo, ingawa CESTAT ina hiari ya kukataa mashauri yasiyozidi laki 2, isipokuwa yale ya kiwango au thamani. Utaweka kwanza amana ya asilimia 7.5 ya ushuru au adhabu inayobishaniwa, au 10 ukitoka kwa Kamishna wa Rufaa, ngazi iliyo chini ya CESTAT.

Ukishinda, usingoje kujua idara itafanya nini. Andika barua ya kawaida ya kudai urudishiwe amana, ambatisha nakala ya amri na uthibitisho wa malipo. Waraka wa 2014 unataka irudishwe ndani ya siku 15 hata kama idara inakusudia kukata rufaa, na riba chini ya kifungu cha 129EE huanza siku ulipolipa.