Wingi wa nomino za Kiingereza, na kwa nini "goose" huwa "geese"

Sisi tuliokulia katika Kiswahili tumezoea kuutafuta wingi mwanzoni mwa neno: mtu, watu, kiti, viti. Kiingereza huuweka mwishoni. Nomino zake nyingi huongezewa s tu, "book" ikawa "books", na hata maneno mapya yanayozuka leo karibu yote hufuata njia hiyo.

Katika kuandika, tegemea sikio kuliko jicho. "Bus" na "church" huishia na sauti ambazo s haiwezi kuzifuata bila ulimi kukwama, ndiyo maana tunapata "buses" na "churches". Lakini "stomach" ni "stomachs", kwa sababu ch yake hutamkwa k. Herufi y ikitanguliwa na konsonanti hugeuka, "baby" kuwa "babies"; ikitanguliwa na irabu hubaki, "day" na "days". Maneno ya f hayana msimamo: "knife" huwa "knives", ila "roof" huwa "roofs". Hapo kariri.

Nomino kama "foot" na "feet", "goose" na "geese", "mouse" na "mice" hufundishwa kana kwamba ni ukorofi usio na sababu, na hilo huwanyima wanafunzi jambo zuri. Zamani sana, kabla Kiingereza hakijaandikwa, wingi wa maneno haya ulikuwa na sauti i mwishoni. Sauti hiyo iliivuta irabu ya katikati kuelekea mbele ya kinywa, kisha yenyewe ikadondoka. Irabu iliyogeuka ikabaki kuwa alama pekee ya wingi. Nguchiro, yaani "mongoose", jina lake lilitoka India katika lugha ya Kimarathi, karne nyingi baada ya mageuzi hayo kupita. Ndiyo maana wingi wake ni "mongooses", wala haihusiani na bata bukini, yaani "goose".

"Children" nayo imebeba wingi juu ya wingi: r yake ni alama ya kale, na watu walipoacha kuitambua wakaongeza en, ile ile ya "oxen".

"Sheep" haibadiliki kabisa, nasi tusishangae, kwani hata nyumba haibadiliki. Tunasema nyumba yangu, nyumba zangu, na umoja au wingi tunaujua kwa neno linaloandamana nayo. Vivyo hivyo "this sheep" na "these sheep". Maneno ya Kigiriki na Kilatini mara nyingi huja na wingi wa kwao: "criterion" huwa "criteria".

Kosa linalotupata sana liko kwingine. Kwa kuwa tunasema taarifa tatu, tunaandika "three informations". "Information", "advice" na "furniture" kwa Mwingereza hazihesabiki, kama maji yasivyohesabika bila chombo. Chombo chake ni neno "piece": "three pieces of information".